UZI: Baiskeli 14, sanduku moja la bati na daftari lililochanwa. Vitu vya mkusanyaji huenda wapi akishafariki?

#1 Mpwa wa Isevya (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Siku ya tatu ya matanga ya mjomba wangu, hapa Tabora, alifika kijana anayenunua vyuma chakavu akiwa na mizani yake ya kuning'iniza. Alitoa pole kwa adabu, akakaribishwa kuketi, akashukuru bila kuketi, akaenda kusimama mlangoni pa banda la uani na kuhesabu kwa macho. Kisha akamwuliza mkazamjomba kama angependa vipimwe vyote kwa pamoja au kimoja kimoja. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia mtaani kwamba mzee mwenye baiskeli nyingi ametangulia mbele ya haki, na katika kazi yake Raleigh ya zamani na bati la paa lililooza hukutana kwenye ndoano ileile. Tulimshukuru, tukamwambia arudi baada ya arobaini. Arobaini imebakiza siku 11, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Mjomba alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu, na kwa zaidi ya miaka 30 alikusanya baiskeli kuukuu. Ameacha baiskeli 14 na pikipiki 2. Nyingi ni Raleigh nyeusi, zile nzito za breki za vyuma ambazo majirani zetu wa Kenya huziita Black Mamba. Zipo pia Phoenix za Kichina, Avon ya Kihindi, na Swala moja iliyotoka kiwandani Dar es Salaam enzi zile nchi ilipokuwa ikijitengenezea baiskeli zake. Pikipiki ni BSA Bantam na Honda ndogo isiyo na injini. Hakuwa mtu wa fedha. Baiskeli moja aliipata kwa kubadilishana na redio, nyingine kwa gunia la mpunga, na moja aliichukua jalalani akaipaka mafuta kwa wiki nzima mpaka mnyororo ukakubali kuzunguka.

Kila baiskeli ina kibao kidogo cha bati kilichofungwa kwa waya kwenye usukani, na juu ya kibao ametoboa namba kwa msumari: 1 hadi 14. Namba hizo zinarejea kwenye daftari la kaunta lililokuwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na stakabadhi za maduka, leseni za baiskeli za miaka ya nyuma, nembo za shaba za Raleigh zenye kichwa cha korongo, kengele, funguo zisizo na kufuli, picha za watu waliosimama kando ya baiskeli zao wakiwa wamevaa suti, na katalogi moja iliyoliwa na mchwa pembeni. Daftari ndilo linaloeleza kila kitu. Nanukuu maelezo ya namba 9 kama alivyoyaandika:

"Phoenix. Nimeinunua Urambo kwa mwalimu mstaafu aliyekwenda nayo shuleni miaka 19. Pedali ya kushoto imelika upande mmoja kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi. Isibadilishwe."

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Siku ya pili ya matanga mvua ilinyesha, mkaa ukaloa, na watu waliokuja kuzika walihitaji kula. Mtu fulani alitafuta karatasi ya kuwashia jiko. Daftari limerudi sandukuni likiwa halina kurasa za namba 1 hadi 6. Sikuuliza ni nani, na sitauliza. Lakini tangu siku hiyo baiskeli sita zimekaa bandani na vibao vyake shingoni, na hakuna mtu hai katika ukoo wetu anayeweza kusema zilikuwa za nani, zilitoka wapi na kwa nini mjomba alizitaka.

Watoto wa mjomba ni watano, wanaishi Dar es Salaam na Mwanza, na ni watu wema. Wazo lao ni kugawana baiskeli, kila mmoja apate mbili au tatu, zinazobaki ziuzwe, na Bantam ipakwe rangi nyekundu mpya ili ipate bei. Kuhusu sanduku walisema, "Hayo makaratasi chukua wewe, maana ndiwe uliyekuwa ukikaa naye." Nami nakumbuka kweli kwamba mjomba aliwahi kuniambia, tukiwa tunakunywa kahawa barazani, kwamba sanduku ni langu akifa.

Kwa kuwa sina wa kumwuliza hapa nyumbani, nimesoma namna wenzetu wa mbali walivyofanya, na nimegundua kwamba hata penye fedha nyingi tatizo ni hili hili.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Anamosa, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. John Parham na mkewe Jill walianzisha mwaka 1979 kampuni ya vipuri vya pikipiki iitwayo J&P Cycles, ikakua sana, naye akawa mkusanyaji wa pikipiki za zamani na kila kitu kilichozihusu: mabango ya bati ya vituo vya mafuta, vichezeo, picha, vikombe vya mashindano. Vitu hivyo vikawa uti wa mgongo wa Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki ya mjini hapo. Parham alifariki mwaka 2017. Makumbusho yaliendelea kwa miaka sita, lakini kuendesha jengo kubwa kwa viingilio vya wageni katika mji mdogo si jambo jepesi, na mwezi Septemba 2023 yalifungwa, kisha kampuni ya Mecum ikanadi kwa siku kadhaa zaidi ya pikipiki 300 na vitu vidogo vipatavyo 6,000. Huyu alikuwa na kampuni, jengo, bodi na mke aliyekuwa pamoja naye katika shughuli hiyo tangu mwanzo. Bado iliishia kwenye nyundo ya dalali.

Sisemi kwamba mnada ni dhambi. Pikipiki iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haiachwi mvuani, na orodha ya mnada huacha picha na maelezo ya kila kitu, jambo ambalo mimi ningelishukuru sana kwa zile namba 1 hadi 6. Ninachokiona ni kwamba pikipiki hujitetea yenyewe. Ina namba ya injini, ina wanaoijua, ina bei. Lakini bango na kichezeo na picha, vikishatawanyika kwa wanunuzi mia kadhaa, vinabaki mapambo ya sebuleni, kwa sababu kilichokuwa kikivifunga pamoja ni kichwa cha mtu mmoja.

Na tazameni jinsi karatasi inavyoweza kuwa na thamani kuliko chuma. Mwigizaji Steve McQueen, aliyefariki mwaka 1980, alikuwa na pikipiki nyingi mno, na vitu vyake viliuzwa kwa mnada Las Vegas mwaka 1984. Mwaka 2011 pikipiki aina ya Husqvarna 400 ya mwaka 1970 iliyokuwa mali yake iliuzwa kwa dola 144,500. Husqvarna nyingine ya mwaka huohuo, iliyotoka kiwanda kilekile ikiwa na injini ileile, haikaribii hata kidogo bei hiyo. Mnunuzi alilipia uthibitisho kwamba ni ile na si nyingine, na uthibitisho huo unakaa kwenye bahasha.

Mfano uliotulia zaidi ni wa Mwingereza H. W. Bartleet, aliyekusanya baiskeli za kale na kuukabidhi mji wa Coventry mkusanyiko wake mwaka 1937, angali hai. Yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa historia ya baiskeli, na alikuwa ameshauandikia kitabu mkusanyiko huo kabla hajautoa. Baiskeli zake ni sehemu ya msingi wa makumbusho ya usafiri ya mji huo hadi leo.

Hoja yangu, basi, ni kwamba familia zinapozozana kuhusu nani achukue baiskeli ipi, zinazozania kitu kitakachobaki hata wakikosea, huku kile kitakachopotea kikiwashiwa jiko. Naomba ushauri kwa mambo matatu: sanduku ni mali ya nani kisheria, Bantam ipakwe rangi au isipakwe, na kama kuna njia yoyote ya kuzirudishia majina zile baiskeli sita.

#2 Kigoda

Mkuu, pole kwa msiba. Nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Marehemu alifurahia vitu vyake akiwa hai, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake. Kuwalazimisha watoto watano wenye kodi za nyumba na ada za shule wageuke walinzi wa banda lake ni kuwarithisha mzigo. Huyo mzee wa Iowa unayemtaja, mjane wake alibeba kwa miaka sita. Je, ulitaka abebe mpaka lini? Mimi ningeuza kwa watu wanaozipenda, si kwa mizani, ningegawa fedha, na sanduku ningempa mtu mmoja mwenye kabati. Baba yangu aliacha santuri 400. Tulizitunza miaka kumi kwa heshima, zikavunjika moja moja kwa heshima hiyohiyo.

#3 Hakimu Mstaafu

Ndugu Mpwa wa Isevya, Mungu amrehemu mjomba wako.

Nitajibu swali la kwanza peke yake, kwa kuwa hayo ya rangi na injini siyajui.

Kwa kuwa umetaja arobaini na desturi zenu, nachukulia kwamba mirathi itafunguliwa Mahakama ya Mwanzo na kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Wewe ni mtoto wa dada wa marehemu. Wakiwapo watoto wa marehemu na mjane, huna fungu la urithi hata chembe. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa mrithi, mjomba wako alikuwa na ruhusa ya kukuusia kitu, mradi wasia wote usizidi theluthi ya mali. Angekuwa amemwusia mmoja wa watoto wake, wasia huo ungehitaji ridhaa ya warithi wengine. Tatizo lako ni ushahidi, kwa maana maneno ya barazani juu ya kahawa, yasiyosikiwa na shahidi yeyote, ni kumbukumbu nzuri lakini si wasia. Kama mkazamjomba alikuwapo, au jirani, aseme mbele ya kikao cha ukoo na muhtasari uandikwe. Na hata kama hakuna shahidi, warithi wote wakiwa watu wazima wanaweza kukupa sanduku kwa hiari yao, jambo ambalo kwa maelezo yako wameshalitamka. Lipate kwa maandishi kabla mtu hajabadili mawazo.

Jambo la pili wengi hulipuuza. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5, na baadaye Fomu Namba 6 ya namna mali ilivyogawanywa. Katika miaka yangu ya kazi nimesoma orodha zisizo na idadi zenye mstari mmoja tu, "vyombo vya ndani na vitu vingine chakavu", na ndani ya mstari huo nimewahi kuona vikipotea mapanga ya fedha, misahafu ya kuandikwa kwa mkono na mashine ya kushonea iliyosomesha watoto saba. Mwombe msimamizi aandike baiskeli moja moja kwa namba ya kibao chake, na sanduku aliandike pamoja na idadi ya vilivyomo. Kitu kilichoorodheshwa mahakamani hakiwashiwi jiko kwa urahisi.

Kama warithi watapenda mkusanyiko usivunjwe, wanaweza kuuwekea wakfu mafungu yao. Ila wafahamu kwamba kilichowekwa wakfu hakiuzwi tena wala hakirithiwi, na lazima apatikane mtu wa kukisimamia. Usiwashawishi watu kuingia huko kwa machozi ya arobaini.

#4 Spoku Arobaini

Mleta uzi, salaam kutoka Moshi. Mimi natengeneza na kukusanya baiskeli, na jina langu la humu nimelitoa kwenye Raleigh za zamani, ambazo gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40.

Kuhusu Bantam, nakuomba kwa heshima zote mzuie binamu yako na hiyo rangi nyekundu. Bantam zilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1948, zikiwa nakala ya DKW ya Wajerumani ambayo michoro yake Waingereza waliichukua kama fidia ya vita, na modeli ya kwanza, D1, inajulikana kwa rangi yake ya kijani kilichofifia kama ukungu wa asubuhi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo chini ya tangi, pale jua lisipofika, uone kama kijani hicho kipo. Kikiwapo, rangi mpya itaifuta historia na itashusha bei pia. Kisha nakili namba ya injini na namba ya fremu. Chama cha pikipiki za zamani cha Uingereza, VMCC, kilichoanzishwa mwaka 1946, kinatunza vitabu vya kiwanda cha BSA vinavyoonyesha pikipiki ipi ilitoka lini na ilipelekwa wapi, na hutoa cheti kwa malipo. Kiwanda chenyewe kilishakufa zamani, lakini vitabu vyake vya kupakilia mizigo vimebaki, na ndivyo vinavyozitambulisha pikipiki zake hadi sasa.

Kuhusu kutorekebisha, nitatoa mfano mmoja. Karibu na ziwa Como, Italia, kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, yaani Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani zimetundikwa baiskeli za mabingwa, na miongoni mwake ipo ya Fabio Casartelli, kijana aliyefariki kwa kuanguka katika mashindano ya Tour de France mwaka 1995. Fremu imepinda vilevile ilivyopinda siku ile. Fundi yeyote anayeijua kazi angeweza kuinyoosha au kuibadilisha, na baada ya hapo ingekuwa baiskeli nzuri isiyokuwa na sababu ya kutundikwa pale. Ile pedali ya namba 9 iliyoliwa upande mmoja ni ya namna hiyo.

Sasa baiskeli zako sita bubu. Zigeuze moja moja utazame habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Raleigh yenye gia tatu ina habu ya Sturmey-Archer, na juu ya chuma chake kumegongwa herufi na tarakimu. Ukiona AW, hiyo ni aina ya gia. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na mwezi habu ilipotengenezwa. Piga picha utuwekee humu.

#5 Mpwa wa Isevya (mleta uzi)

Ahsanteni sana. Nimezigeuza zote sita. Tano hazina gia. Namba 4 ina gia tatu, na baada ya kusugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa nimesoma hivi: AW, kisha 56, kisha 3.

#6 Spoku Arobaini

Machi 1956. Baiskeli yenyewe kwa kawaida huwa ya mwaka huohuo au unaofuata. Hongera, umempata mmoja. Hata hivyo usisugue tena kwa brashi ya waya, tumia kitambaa.

#7 Mama Zuberi

Naomba nichangie kidogo. Mume wangu anakusanya saa za ukutani, ninazo 31 zinazolia kwa nyakati tofauti. Baada ya kusoma uzi huu jana usiku nilimkalisha, nikachukua simu, nikamrekodi akizieleza moja baada ya nyingine. Tumefika saa ya nane, na tayari nimejua kwamba mbili kati ya hizo alinidanganya bei. Kigoda anasema kweli kwamba ni mzigo, lakini nadhani mzigo hupungua nusu ukijua umebeba nini.

#8 Mpwa wa Isevya (mleta uzi)

Nashukuru kila mmoja, na nina taarifa.

Kwanza nimjibu Kigoda, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na imenisumbua. Nakubali kwamba watoto hawapaswi kugeuzwa walinzi. Lakini soma kisa cha Dale Walksler, aliyekuwa na makumbusho ya pikipiki za Kimarekani yaitwayo Wheels Through Time huko Maggie Valley, jimbo la North Carolina, tangu mwaka 2002. Zaidi ya mashine 300, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba zinawaka: mgeni akisimama mbele ya pikipiki ya miaka ya 1910, mzee anaipiga teke na moshi unajaa ukumbini. Alifariki Februari 2021, na mwanawe Matt ndiye aliyeshika kazi. Sidhani kwamba familia hiyo ilikuwa na upendo kuliko ya Parham. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kijana alikulia ndani ya mafuta na spana, na baba alikuwa amejirekodi kwenye video nyingi akieleza mashine moja moja, kwa hiyo ujuzi ulikuwa umeshatoka kichwani mwake kabla hajaondoka. Mjomba naye alijaribu hilo kwa daftari la kaunta. Alichosahau ni kulitoa jikoni.

Katika makumbusho hayohayo ipo pikipiki iitwayo Traub, ya mwaka 1916, iliyopatikana mwaka 1967 nyuma ya ukuta wa matofali wa nyumba moja karibu na Chicago, na haijaonekana nyingine kama hiyo duniani. Wataalamu wamekuwa wakihangaika kwa miongo kadhaa kujua habari zake. Kila nikitazama zile namba 1 hadi 6 naifikiria.

Kikao cha ukoo kimefanyika juzi. Mkazamjomba alisema mbele ya wote kwamba alimsikia marehemu akiniahidi sanduku, na kwamba alikuwa jikoni lakini dirisha lilikuwa wazi. Muhtasari umeandikwa na watoto wote watano wametia saini. Bantam haitapakwa rangi. Chini ya tangi kulikuwa na kijani, kipande cha ukubwa wa kiganja, na binamu yangu mkubwa alipokiona alinyamaza kwa muda kisha akasema baba yake aliwahi kumpakia pikipiki hiyo akiwa mdogo na kwamba alikuwa ameshasahau kama iliwahi kuwa na rangi yoyote. Anaichukua yeye. Baiskeli nne zinauzwa kwa wakusanyaji wa Mwanza na Moshi, kila moja ikiwa na nakala ya ukurasa wake wa daftari iliyopigwa picha na kutiwa saini na msimamizi. Kijana wa mizani amepewa Honda na rimu mbovu, akafurahi.

Kuhusu namba 4, nilimkokotea baiskeli hiyo mzee mmoja fundi anayekaa chini ya mwembe si mbali na stesheni. Alikuwa rafiki wa mjomba na ana miaka zaidi ya 80. Nilimwambia kwa kujivuna kidogo kwamba ni ya mwaka 1956, nikamwonyesha habu. Akacheka. Akasema gurudumu hilo la nyuma alilifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake, amelitoa kwenye baiskeli nyingine iliyogongwa na lori, na kwamba fremu ni changa kuliko habu kwa miaka mingi. Kisha akapitisha kidole chini ya keria na kunionyesha chuma cha kitanda kilichounganishwa kwa kulehemu. Mwenye baiskeli, alisema, alikuwa mpakiaji mizigo wa reli ambaye mkewe alikuwa mgonjwa wa miguu, naye akimpeleka hospitali kila Jumatatu, ndiyo maana aliomba keria iimarishwe. Mjomba aliinunua kwa watoto wao baada ya wote wawili kufariki.

Namba 2 pia aliitambua. Namba 1, 3, 5 na 6 alizitazama kwa muda mrefu akatikisa kichwa.

Mwishoni mwa daftari kulikuwa na kurasa tupu. Niliandika pale pale chini ya mwembe, yeye akisimulia polepole na kunitaka nimsomee kila sentensi. Nilipomaliza habari za namba 4 alinizuia nisifunge daftari. Alitaka niongeze kwamba kazi ile ya keria na gurudumu hakuwahi kulipwa, na kwamba jumla ilikuwa shilingi 45. Nimeandika.